Sanamu ya Somo wa Kigango: Maswali Tunayoulizwa na Majibu ya Fundi

Karakana yetu iko Iringa, na tunachonga kwa mti sanamu za watakatifu, hasa za somo, yaani mtakatifu msimamizi wa kanisa. Wateja wengi ni parokia, vigango (makanisa madogo chini ya parokia) na jumuiya, kuanzia Kilolo na Mufindi mpaka Njombe, Mbeya na Rungwe, pamoja na watu binafsi wanaotaka sanamu ndogo ya nyumbani. Maswali ni yaleyale kila msimu wa sikukuu, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Soma kwanza, kisha piga simu.

Shikamoo fundi. Tunataka sanamu ya somo wetu, sikukuu ni mwezi ujao. Inawezekana?

Marahaba. Kwa kawaida hapana, labda tuwe na mti mkavu wa kimo hicho tayari. Mikono yetu haina shida, shida ni maji yaliyomo ndani ya mti. Mti uliokatwa juzi umeloa mpaka moyoni, na unapokauka unasinyaa, tena kwa upogo: kuzunguka pete za ukuaji husinyaa takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda. Mvutano huo ndio unaopasua gogo. Ufa unaanzia nje ukielekea kiini, na haujali umechonga nini hapo. Ukipita kwenye shavu la Mtakatifu Teresia, umepita.

Maseremala wa zamani walihesabu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene wa ubao. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini inakuonyesha kwa nini gogo zima lenye unene wa mtu haliwezi kuwa tayari kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana sanamu kubwa hatuzichongi kwa gogo zima. Tunachukua mbao zilizokauka, tunaziunganisha kwa gundi na kuzibana mpaka zipate unene tunaotaka, ndipo tunachonga. Nyingine tunazitoboa mgongoni ziwe na uwazi ndani, kama walivyofanya wachongaji wa Ulaya tangu Zama za Kati: kiini kikishatolewa, mti hupata nafasi ya kujivuta bila kupasuka. Kwa hiyo ukiikuta sanamu kuukuu yenye shimo mgongoni, usidhani fundi alibana matumizi.

Kama somo wenu ni Mtakatifu Yosefu wa 19 Machi, njooni Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Ukija Februari nitakupa kiti na chai, na tutazungumzia sikukuu ya mwaka unaofuata.

Mti gani ni mzuri?

Inategemea sanamu itasimama wapi na kama itabebwa.

Mninga ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sanamu ya kanisani. Unatoka kwenye misitu ya miombo, Chunya na kwingineko, una rangi ya kahawia inayopendeza bila kupakwa kitu, na ukishakauka unatulia: hausinyai wala kuvimba sana. Kasoro yake ni ule weupe wa nje karibu na ganda. Wadudu wanaupenda. Fundi mwaminifu huukata wote hata kama gogo linabaki jembamba.

Mpingo kila mtu anautaja kwa sababu ya sifa ya Wamakonde, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ni mti mzito mno, unazama majini, na uzito wake ni karibu mara mbili ya mninga. Sanamu ya mpingo ya kuweka mezani ni kitu kizuri sana. Ya kubebwa kwenye maandamano ya somo, hapana. Halafu huku juu kwetu haupatikani kwa wingi. Ni mti wa nchi za chini na tunaununua kutoka mbali.

Msindano (paini) wa shamba la miti la Sao Hill ni rahisi kupatikana, na watu huniuliza kwa nini siutumii wakati Mufindi yote imejaa mbao zake. Nautumia, lakini kwa kuchagua. Ni mwepesi, na huo ni uzuri wake kwa sanamu ya kubeba. Una vifundo, unatoa utomvu, na ukichonga vidole vinakatika kirahisi kwa sababu nyuzi zake ni laini hapa na ngumu pale. Tena hauna kinga yake wenyewe dhidi ya mchwa na wadudu wanaobungua, kwa hiyo lazima utiwe dawa. Sanamu ya msindano lazima ipakwe rangi.

Saiprasi ni chaguo la katikati: ina harufu nzuri, ni nyepesi, inachongeka vizuri, na huvumilia kuliko msindano. Mjakaranda ni laini na unatosha kwa sanamu za ndani. Mparachichi sasa uko kila shamba Njombe na Rungwe, na watu huniletea magogo yake bure. Nashukuru, nayatumia kufundishia vijana.

Nimeuziwa sanamu ya mpingo stendi, nitajuaje kama ni kweli?

Ishike. Kama ni nyepesi, siyo. Kisha igeuze, ukwangue kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu. Mpingo ni mweusi au kahawia nzito mpaka ndani, na pembeni unaweza kuwa na weupe wa asili. Ukikuta mti mweupe chini ya tabaka jembamba jeusi, hiyo ni mti laini uliopakwa dawa ya viatu, na ukiisugua kwa kitambaa chenye unyevu vidole vyako vitakuambia.

Watu watajuaje kwamba huyu ni mtakatifu fulani na si mwingine?

Hili ndilo swali ambalo parokia hulisahau, kisha tunabishana siku ya kuchukua mzigo. Wachongaji wamekuwa wakitumia alama kwa karne nyingi, hasa kwa ajili ya watu wasiosoma. Petro ana funguo. Paulo ana upanga na kitabu. Antoni wa Padua amevaa kanzu ya Wafransisko na mara nyingi amembeba Mtoto Yesu, pengine na ua la yungiyungi au mkate wa maskini. Yosefu pia humbeba Mtoto na kushika yungiyungi, kwa hiyo wawili hawa huchanganywa sana. Tazama nguo na kichwa: Antoni ni mtawa mwenye kamba kiunoni na nywele zilizonyolewa utosini, Yosefu ni mtu mzima mwenye ndevu, na mimi humwekea kifaa cha seremala miguuni. (Ni somo wetu sisi mafundi, hawezi kutoka hapa mikono mitupu.)

Teresia wa Mtoto Yesu hukumbatia msalaba na mawaridi. Martin wa Porres hushika ufagio. Benedikto, ambaye watu wa Peramiho na Uwemba wanamjua vizuri, ana kitabu cha Kanuni yake, na mara nyingine kunguru miguuni. Karoli Lwanga na wenzake, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, huonyeshwa na tawi la mtende, alama ya mashahidi wote, na Lwanga mwenyewe huwa na ndimi za moto, maana alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Bakhita huvaa nguo ya watawa Wakanosa, na mafundi wengine humwekea mnyororo uliokatika, kwa sababu aliuzwa utumwani akiwa mtoto huko Sudan.

Kwa vigango vya wakulima napendekeza mara kwa mara Mtakatifu Isidori wa Madrid, mkulima wa kibarua aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Ana jembe, na hadithi yake ina malaika wanaomlimia kwa ng'ombe wakati yeye anasali. Sikukuu yake ni 15 Mei, na kwa wakulima wa mahindi na viazi wa huku huo ni wakati mzuri wa kushukuru. Mpaka sasa wachache wamenisikiliza.

Tangu tarehe 20 Oktoba 2024, alipotangazwa mtakatifu, tunaulizwa sana kuhusu Mtakatifu Yosefu Allamano, na si ajabu: yeye ndiye mwanzilishi wa Wamisionari wa Consolata, ambao Tosamaganga na sehemu kubwa ya Iringa wanawajua tangu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Allamano mwenyewe hakufika Afrika. Alikaa Torino mpaka alipofariki mwaka 1926. Ugumu wake kwa mchongaji ni kwamba zipo picha zake za kamera. Petro hakuna anayejua alifananaje, lakini Allamano nikikosea pua, padre mzee mmoja ataniita pembeni.

Je, sura iwe ya Kiafrika?

Hakuna sheria inayokataza. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halijafanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote ina nafasi. Kwa Bakhita na Lwanga swali halipo kabisa, ingawa nimewahi kuona Lwanga mwenye pua ya Kiitaliano. Kwa Bikira Maria na Yosefu nachonga vyovyote parokia inavyotaka. Ninachokataa ni kuchonga sura ya mfadhili aliyelipa. Ombi hilo lipo, tena huja kwa sauti ya chini.

Kimo gani kinafaa?

Kwa nyumbani, sentimita 20 mpaka 30. Kwa kigango, mita moja hivi inatosha. Niambie sanamu itasimama juu kiasi gani kutoka sakafuni, kwa sababu ikitazamwa kutoka chini kichwa huonekana kidogo na miguu mirefu. Sanamu ya kusimama juu nachonga kichwa kikubwa kidogo na kukiinamisha mbele. Ikiwa bado mezani karakanani utaiona kama ina kasoro. Subiri ipande mahali pake.

Ipakwe rangi au ibaki mti mtupu?

Mninga na mpingo viache. Nta au mafuta ya kitani yanatosha. Msindano lazima upakwe, saiprasi unaweza kupaka. Njia ya zamani ni kuanza na tabaka la chokaa laini iliyochanganywa na gundi, kusugua kwa msasa mpaka liwe laini, ndipo rangi inafuata. Ni kazi ndefu lakini rangi hushika. Rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka mageti, ikiwekwa moja kwa moja juu ya mti hubanduka baada ya misimu michache na uso wa mtakatifu unabaki na mabaka. Siipendi pia kwa sababu inaziba kazi ya patasi: ukope uliochongwa kwa nusu siku unafunikwa kwa mpako mmoja.

Neno la tahadhari kwa wanaopaka mafuta ya kitani wenyewe: vitambaa mlivyotumia msivikunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyolundikana vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke, au vilowekeni kwenye maji.

Bei yake?

Haipangwi kwa kimo peke yake. Mikono iliyo wazi, Mtoto aliyebebwa, maua, vyote ni kazi kuliko urefu. Yosefu mwenye mita moja aliyefunga mikono kifuani ni nafuu kuliko Antoni wa sentimita 70 mwenye Mtoto, kitabu na yungiyungi. Malipo ya awali ni kwa ajili ya kununua mti, na hayo sirudishi mti ukishakatwa.

Mnauza ikiwa imebarikiwa?

Hapana. Baraka haiuzwi, na kuiuza ni kosa kubwa mbele ya Kanisa. Nunua kwanza, kisha mpelekee padre. Sanamu ya nyumbani inabarikiwa kwa sala fupi. Ile itakayoheshimiwa hadharani kanisani ina ibada yake katika kitabu cha baraka, kwa hiyo mpangie Baba Paroko mapema badala ya kumvizia sakristia dakika tano kabla ya misa.

Kigango tayari kina sanamu ya Mt. Yosefu. Tuongeze kubwa zaidi?

Mwongozo wa Misale ya Kirumi (kitabu cha misa), namba 318, unasema kwa kawaida kuwe na sanamu moja tu ya kila mtakatifu kanisani. Ile ndogo ipelekeni kwenye jumuiya iwe inazunguka nyumba kwa nyumba. Nakosa pesa kwa kukuambia hivi, lakini ndivyo.

Jirani yangu ni Mmoraviani, ananiambia ninaabudu kinyago. Nimjibu nini?

Kwanza msalimie vizuri. Wamoraviani wako Rungwe tangu mwaka 1891, na wengi wetu huku tuna shangazi au shemeji upande huo. Kisha kubali kwamba hoja yake ina msingi: Kutoka 20 inakataza kujifanyia sanamu ya kuchonga na kuisujudia. Lakini kitabu hichohicho, sura ya 25, Mungu anaagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na katika Hesabu 21 Musa anatengeneza nyoka wa shaba. Ukiendelea mpaka Wafalme wa Pili 18, unamkuta mfalme Hezekia akimvunja nyoka yuleyule, kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Kitu kilekile: kilikuwa halali kilipotumika vizuri, kikavunjwa kilipoanza kuabudiwa.

Kanisa lilibishana juu ya hili kwa muda mrefu na kwa machungu, mpaka Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787 ulipoamua: sanamu na picha zipewe heshima, ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo. Mtaguso wa Trento ulirudia hilo mwaka 1563, ukaongeza kwamba hatuamini kuna nguvu ya kimungu ndani ya sanamu yenyewe.

Na kama jirani ni Mlutheri, mkumbushe kwamba Martin Luther mwaka 1522 alitoka mafichoni Wartburg, akarudi Wittenberg na kuhubiri dhidi ya waliokuwa wakivunja sanamu kwa nguvu. Aliona si za lazima, lakini pia aliona si za kuvunjwa kwa fujo. Wateja wetu Walutheri huagiza misalaba na mimbari, na tunaelewana vizuri.

Mimi mwenyewe nimeshika patasi juu ya nyuso nyingi za watakatifu na nimefagia vumbi lao jioni. Ni vigumu kuabudu kitu ambacho umekifagia masazo yake.

Nimeona mtandaoni watu wanazika sanamu ya Mt. Yosefu kichwa chini ili nyumba iuzike.

Huo ni ushirikina. Weka bango, tafuta dalali.

Tunataka sanamu ya mti kwenye groto (pango la kusalia), nje.

Nawashauri saruji au faibaglasi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Njombe ina ukungu, na jua la Iringa wakati wa kiangazi hukausha mti kwa haraka. Mti nje unavimba na kusinyaa kila msimu mpaka unachoka. Mkisisitiza, basi iwe na paa pana na isiguse udongo kabisa, kwa sababu ya mchwa.

Imetokea ufa baada ya kuiweka kanisani. Tuuzibe?

Usiuguse mpaka mvua zinyeshe. Ufa mwembamba unaofunguka Agosti mara nyingi hujifunga wenyewe Januari. Ukiujaza kwa gundi ngumu wakati wa kiangazi, mti utakapovimba hautapata pa kwenda na utapasuka mahali pengine. Kama ufa unabaki wazi mwaka mzima, tunaingiza kijiti chembamba cha mti uleule.

Kuna unga mweupe unaanguka chini ya sanamu.

Hao ni wadudu wanaobungua, na unga mpya maana yake bado wamo. Itenge na mbao nyingine mara moja. Kama ni ndogo na haijapakwa rangi, ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki na uiweke ndani ya friza ya kawaida, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Itoe ikiwa bado imefungwa na uiache irudie joto la chumba taratibu. Makumbusho hutumia njia hii. Kubwa au yenye rangi ilete. Msiipake mafuta ya taa: yananuka tu, mabuu walioko ndani hayawafikii, na mbele ya sanamu kuna mishumaa.

Tuisafishe kwa nini?

Brashi laini na kavu. Akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), nawaheshimu sana, lakini tafadhali: si mafuta ya kula, si ya kujipaka, wala kitambaa kilicholowa sabuni. Mafuta ya kula hayakauki. Yananata, yanavuta vumbi, na baada ya muda yanachacha. Mishumaa iwe umbali wa mkono, masizi ndiyo yanayozeesha nyuso.

Parokia ina sanamu ya zamani ya wamisionari, rangi imechakaa. Unaweza kuipaka upya?

Sitaipaka kabla ya kuiona. Sanamu nyingi zilizokuja na wamisionari kutoka Ulaya si za mti bali za plasta, na hizo si kazi yangu. Kama ni ya mti, rangi ile iliyochakaa ndiyo thamani yake. Sheria ya Kanisa, kanuni 1189, inadai ruhusa ya maandishi ya askofu kabla ya kukarabati sanamu yenye thamani kwa ukale, usanii au ibada. Nimekuta sanamu nzuri zilizopakwa buluu ya geti na kamati yenye nia njema.

Imevunjika kabisa. Tuitupe?

Si jalalani. Desturi ni kuichoma na kuzika majivu, au kuizika nzima mahali pasipokanyagwa. Ila kwanza niletee: shingo na mikono huunganishwa.

Mnatuma mbali?

Ndiyo. Vidole ndivyo hutangulia kukatika, kwa hiyo tunavifunga peke yake kwa kitambaa, kisha sanamu nzima kwa blanketi. Kwenye buti la basi ilale, isisimamishwe; kona za Kitonga si mchezo. Tembea na risiti yetu.

Nje ya nchi: mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017 pamoja na miti yote ya jamii yake, Dalbergia, lakini bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zina msamaha. Kasha la mbao la kusafirishia nalo liwe na muhuri unaoonyesha limepashwa joto kuua wadudu. Nchi nyingi hurudisha mzigo kwa sababu ya kasha, si kwa sababu ya sanamu.

Nije na nini siku ya kuagiza?

Jina kamili la mtakatifu (Teresia wako zaidi ya mmoja), picha mnayoipenda, kimo cha mahali itakaposimama, na tarehe ya sikukuu. Na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Wakija kumi wa kamati, kila mmoja ana Yosefu wake.